Kalsiamu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Kinachotokea Ndani ya Mfupa

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hutoka hospitali na karatasi ya dawa. Za maumivu zina mwisho wake, za kuzuia asidi mara nyingi nazo zina mwisho wake. Kalsiamu na vitamini D hazina. Hizo ni za kila siku, mwaka huu na miaka ishirini ijayo, na ndizo zinazoachwa mapema kuliko zote. Sababu inaeleweka: ukiacha dawa ya maumivu utajua usiku huohuo, ila ukiacha kalsiamu hutasikia kitu. Hapa Unguja na Pemba wengi hufanyiwa upasuaji huu nje ya visiwa, Dar es Salaam au India, kisha hurudi nyumbani wakiwa mbali na daktari aliyewapasua. Kwa hiyo mwenyewe na watu wa nyumbani kwake wanapaswa kujua dawa hii inafanya kazi gani.

Tuanze na upasuaji wenyewe, maana si wa aina moja. Katika ule unaoitwa slivu, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu robo tatu au zaidi, ukabaki mrija mwembamba. Katika baipasi, mfuko mdogo sana hutengwa juu na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, chakula kikaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo huo. Puto linalowekwa tumboni na kutolewa baada ya miezi si upasuaji wa namna hii, kwa sababu halikati kitu wala halibadilishi njia ya chakula. Anayesoma maelezo haya kwa ajili ya mgonjwa wake aulize kwanza alifanyiwa kipi.

Sehemu ile ya utumbo inayorukwa na baipasi ndiyo mwili ulikozoea kufyonzea kalsiamu kwa nguvu zaidi, ikisaidiwa na vitamini D. Chakula kikipita pembeni, kalsiamu nyingi hupita nacho. Aliyefanyiwa slivu utumbo wake upo kamili, ila anakula kidogo na asidi ya tumbo lake imepungua, na baadhi ya aina za kalsiamu haziyeyuki vizuri bila asidi. Kwa hiyo wote wawili wanahitaji dawa, ingawa hatari ya aliyefanyiwa baipasi ni kubwa zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lisipoeleweka vidonge vitasahaulika tu. Zaidi ya asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Kiasi kidogo kilichobaki kiko kwenye damu na seli, na hicho ndicho kinachoendesha mapigo ya moyo, mishipa ya fahamu na misuli. Mwili hauruhusu kiwango cha kwenye damu kishuke. Kikianza kushuka, tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya dundumio, hutoa homoni ya paratiroidi, na homoni hiyo huamuru mfupa utoe kalsiamu yake. Damu inakopa mfupani. Usipoingiza kalsiamu ya kutosha kwa kinywa, mkopo unaendelea kila siku na haurudishwi.

Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupima kalsiamu ya damu, akaambiwa iko sawa, akarudi nyumbani na furaha na kuviacha vidonge. Damu yake ni kweli iko sawa, kwa sababu mfupa umeifanya iwe sawa. Kipimo kinachoonyesha mkopo ni kile cha homoni ya paratiroidi pamoja na kiwango cha vitamini D. Homoni ikiwa juu na vitamini D chini, mifupa inapungua hata kama mtu anajisikia mzima na nguo zake mpya zinampendeza. Ningependa kila aliyefanyiwa upasuaji huu alijue hili kabla ya jengine lolote.

Kuna mambo mengine yanayousukuma mfupa upande huohuo. Mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba, hivyo mtu akipungua kilo 30 au 40, miguu na nyonga hupata kazi ndogo na mwili huanza kuupunguza mfupa. Ukaongeza na kula protini kidogo na misuli kunywea, baada ya baipasi uzito wa madini kwenye mfupa wa nyonga unaweza kushuka kwa asilimia 5 hadi 10 katika mwaka wa kwanza au wa pili. Mwanamke aliyekoma hedhi anaanza na akiba ndogo zaidi.

Vitamini D nayo ina kisa chake huku kwetu. Watu husema, “Sisi tuna jua mwaka mzima, tutakosaje vitamini D?” Jua lipo, ila vitamini hutengenezwa kwenye ngozi inayofikiwa na jua. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, na mwanamke anayetoka na buibui, akafanya kazi ofisini au dukani hadi jioni, hupata kidogo sana. Tena vitamini D hujificha ndani ya mafuta ya mwili, kwa hiyo wenye unene mkubwa mara nyingi huwa na upungufu hata kabla ya kupasuliwa. Mwongozo wa kitaalamu wa Marekani hutaja yuniti 3000 za vitamini D3 kwa siku mpaka kiwango cha damu kipite nanogramu 30 kwa mililita. Daktari wako ndiye atakayepanga dozi kwa kuangalia kipimo chako.

Kwa kalsiamu, kiwango kinachotajwa kwa slivu na baipasi ni miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, kwa kujumlisha chakula na vidonge. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu ya namba zilizoandikwa kwenye kopo. Chukua kopo la kalsiamu kabonati. Mbele pameandikwa 1250 kwa herufi kubwa. Geuza nyuma, usome maandishi madogo: utakuta kalsiamu yenyewe ni miligramu 500. Nyengine ni uzito wa kabonati iliyoshikana nayo. Aliyesoma mbele tu anadhani kidonge kimoja kimemtosha siku nzima, kumbe amepata theluthi moja. Kwenye kalsiamu sitrati kalsiamu yenyewe ni kidogo zaidi, kama asilimia 21 ya uzito, kwa hiyo vidonge huwa vingi au vikubwa. Hata hivyo kwa aliyepasuliwa sitrati ndiyo inayopendekezwa zaidi, kwa kuwa haihitaji asidi ya tumbo na inaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Kama dukani ipo kabonati tu, imezwe pamoja na chakula. Na kama bado unatumia omeprazoli, mwambie daktari, kwa sababu dawa hiyo huipunguza asidi zaidi na kabonati ikazidi kukosa kazi.

Dozi yote haimezwi kwa pamoja. Mwili hauwezi kufyonza vizuri zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mara moja, kinachozidi kinatoka na choo. Kwa hiyo ni mara tatu kwa siku, na katikati yake papatikane nafasi ya madini ya chuma, ambayo watu hawa nao huyahitaji. Kalsiamu ikikutana na chuma huzuia chuma kisifyonzwe vizuri, viachanishwe kwa saa mbili au zaidi. Multivitamini nyingi zina chuma ndani, kwa hiyo nazo zihesabiwe upande wa chuma. Anayetumia dawa ya homoni ya tezi ya dundumio, levothairoksini, aiachanishe na kalsiamu kwa saa nne.

Ukisikia hivyo inaonekana ni kazi ngumu, na kengele ya simu ikilia mara nne kwa siku mtu huizima akaendelea na shughuli zake. Sisi tuna mpangilio wa siku ulio madhubuti kuliko simu. Kalsiamu ya kwanza iwe na chai ya asubuhi. Ya pili iwe na chakula cha mchana, baada ya adhuhuri. Alasiri iwe ya chuma na multivitamini, kwa maji yaliyokamuliwa ndimu na si kwa chai. Kalsiamu ya tatu iwe na chakula cha usiku, baada ya isha. Vidonge viwekwe pale tendo linapofanyika: karibu na birika la chai, si kabatini chumbani. Na watu wa nyumbani wajue ratiba, ili mtoto akirudi skuli aweze kuuliza, “Mama, ushakunywa ile ya mchana?” Anayevuka kwa boti kati ya Wete au Mkoani na Unguja abebe dawa za siku mbili kwenye mkoba wa mkononi, maana mizigo huchelewa na safari huahirishwa bahari ikichafuka. Ukisahau dozi moja, usiimeze pamoja na inayofuata. Iache, au uisogeze kabla ya kulala.

Ramadhani ratiba inahamia usiku: kalsiamu moja kwenye futari, chuma baada ya tarawehe, kalsiamu nyengine kabla ya kulala na ya mwisho kwenye daku. Aliyepasuliwa karibuni azungumze na daktari kabla ya kufunga, kwa sababu mfuko mdogo wa chakula hauruhusu kunywa maji mengi kwa muda mfupi.

Chakula kinasaidia, na visiwani tuna bahati ya dagaa. Dagaa huliwa mzima na miba yake, na miba ile ndiyo yenye kalsiamu. Samaki mkubwa hana faida hiyo kwa sababu mifupa yake hutupwa, ingawa nyama yake inaleta protini, na protini ya gramu 60 au zaidi kwa siku ni sehemu ya kulinda mfupa. Mtindi huwakalia vizuri hata wale ambao maziwa huwasumbua baada ya upasuaji. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila kalsiamu yake imefungwa na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye baadhi ya mboga, na mwili hupata kidogo tu.

Oksaleti inanileta kwenye hofu ninayoisikia mara kwa mara, kwamba vidonge vya kalsiamu huleta mawe kwenye figo na bora kuviacha. Baada ya baipasi mambo huwa kinyume na hofu hiyo. Utumbo hufyonza oksaleti nyingi zaidi kuliko zamani, na oksaleti hizo zikifika kwenye figo ndizo zinazotengeneza mawe. Kalsiamu ikimezwa pamoja na chakula huikamata oksaleti ndani ya utumbo na kutoka nayo. Kuiacha kabisa kunaweza kuongeza mawe. Aliyewahi kuugua mawe amwambie daktari amchagulie aina na dozi, anywe maji ya kutosha, na asijiongezee vidonge kwa kukisia, kwa sababu kalsiamu na vitamini D zikizidi nazo zina madhara.

Mfupa pia unataka kazi: kutembea kwa kasi kila siku, kupanda ngazi, kunyanyua vitu vya uzito wa wastani, baada ya daktari kuruhusu.

Zipo dalili zisizosubiri miadi. Ganzi au kuchomachoma kwenye vidole na pembezoni mwa midomo, na misuli kukaza yenyewe, ni ishara kwamba kalsiamu ya damu imeanza kushuka na mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya mifupa ya nyonga na mapaja, au kupata tabu kunyanyuka kutoka kwenye mkeka, yanaweza kuwa upungufu wa muda mrefu wa vitamini D. Bila dalili yoyote, vipimo vya kalsiamu, vitamini D na homoni ya paratiroidi hufanywa kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, kisha mara moja kwa mwaka maisha yote. Kipimo cha uzito wa madini ya mfupa, DEXA, hupendekezwa miaka miwili baada ya upasuaji. Ukienda kumwona daktari mwengine kwa ugonjwa mwengine, mwonyeshe karatasi ya upasuaji wako. Kovu dogo la tumboni halimwambii kwamba njia ya chakula imebadilishwa.