Mizani haijui unacheza mchezo gani

Dhana: uzito ukiendana na urefu, mwili uko tayari kwa mchezo.

Kipimo cha BMI (kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe; kuanzia 30 huhesabiwa unene wa kupita kiasi) kilitokana na hesabu za Adolphe Quetelet, mtakwimu Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akimsaka mtu wa wastani. Mwanamichezo si mtu wa wastani. Mchezaji wa raga mwenye urefu wa mita 1.85 na kilo 105 hupata 30.7, akaandikwa mnene kupita kiasi, hata kama amejaa misuli mitupu. (Kilo ya msuli, kwa njia, haizidi kilo ya mafuta, imeshikamana tu zaidi, ikachukua nafasi ndogo.)

Dhana: mafuta yakipungua, kiwango hupanda.

Hii ndiyo inayoumiza watu. Kweli, mkimbiaji wa marathoni hubeba kila kilo yake hadi mwisho, na wepesi humfaa. Lakini kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi vizuri bila hayo: takriban asilimia 3 ya uzito kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke. Hata kabla ya kufika huko, anayejinyima chakula huku akifanya mazoezi makali huanza kupoteza msuli, homoni huvurugika, hedhi hukatika, mifupa hupata nyufa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa upungufu huo wa nishati jina rasmi na kukumbusha kuwa wanaume nao huupata. Katika kuruka kwa ski, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kuruka angani kwa mbao ndefu za miguuni, wembamba ulifika mahali pabaya hadi ikawekwa kanuni: aliye mwepesi mno kwa urefu wake hupewa ski fupi, na faida yake ikapungua.

Kwingine mafuta ni zana. Humkinga na baridi muogeleaji wa masafa marefu na kumsaidia kuelea. Mwanasumo, mpiganaji wa mieleka ya Kijapani, nayo humpa uzito wa kutosukumika, na chini yake amebeba misuli ambayo wanamichezo wengi hawaifikii.

Dhana: mazoezi ya tumbo huondoa kitambi. Hapana. Msuli hauchagui mafuta yaliyo jirani yake.

Dhana: mrefu hafai mbio fupi. Usain Bolt, mita 1.95, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 jijini Berlin mwaka 2009, kwa hatua zipatazo 41. Wapinzani wake walihitaji kama 45.