Mkimbizi wa Kipalestina Lebanon halishwi na Umoja wa Mataifa

Dhana hii ni ya miaka mingi: eti familia za Kipalestina kambini, iwe Shatila au Ain al-Hilweh, zinaishi kwa posho ya UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, kwa hiyo kuporomoka kwa lira, sarafu ya Lebanon, hakukuwagusa.

Kazi kubwa ya UNRWA, tangu ianze kuhudumu Mei 1950, ni shule na zahanati. Fedha zake karibu zote ni michango ya hiari ya nchi wahisani. Mmoja akisita, pengo halina wa kuliziba.

Fedha taslimu zipo, ila ni kiraka tu. Katika mgogoro huu wa uchumi kiwango kiliwahi kuwa dola 50 kwa miezi mitatu kwa kila mtoto, mzee, mlemavu au mgonjwa wa maradhi sugu. Kwa kiwango hicho, nyumba yenye watoto watatu na bibi ilipata dola 200, yaani kama 67 kwa mwezi. Humo utoe umeme wa jenereta, unaolipiwa kwa ampea, kabla hujanunua hata mkate.

Kinachowaweka hai ni vibarua vya mjini, na hapo ndipo lira ilipowaumiza. Mshahara wa lira 675,000 ulikuwa dola 450 hivi kabla ya 2019. Kwa lira 89,000 kwa dola, haufiki 8. Kuhamia kazi bora nako kuna ukuta: udaktari na uwakili, kwa mfano, wamefungiwa.