"Kazi ya Mungu haina makosa" na maneno mengine tunayoisingizia Biblia

Mi nimekulia Tukuyu, mvua na migomba, sasa hivi naishi Uyole, na kama kuna kitu sisi wakristo wa huku tunakiweza ni kwenda msibani. Hapo hatuna mpinzani. Mtu anafariki alfajiri, saa mbili asubuhi turubai limeshafungwa, kuni zimeshashushwa, kina mama wako nyuma ya nyumba wanamenya ndizi. Miguu yetu haina shida, shida iko mdomoni. Tukishafika tunaanza kusema vitu, na tunavisema kwa ile sauti ya mtu anayenukuu Biblia, wakati Biblia haijasema hivyo, au imesema na sisi tumechukua nusu, nusu nyingine tumeiacha. Yafuatayo ndo ninayoyasikia sana, na mengine nimeyasema mwenyewe kwa mdomo huu huu.

"Kazi ya Mungu haina makosa"

Juni moja, ile Juni ya Mbeya ambayo ukitoka nje asubuhi ukiongea unatoa moshi, jirani yangu alifiwa na mtoto wa wiki tatu. Nikaingia chumbani nikamkuta kakaa kwenye godoro chini, kajifunika blanketi, nikakaa pembeni nikampa pole, halafu kwa sababu kimya kilinishinda nikaongeza, kazi ya Mungu haina makosa. Akanigeukia. Akasema, "Kwa hiyo aliyekosea ni mimi?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Nilivyorudi nyumbani nikaanza kuutafuta huo mstari, kumbe haupo, Mwanzo mpaka Ufunuo haupo, ni msemo wetu tu. Unafanana na "Bwana alitoa na Bwana ametwaa", na huo kweli upo, Ayubu 1:21, ila angalia nani anausema. Anausema Ayubu, aliyefiwa, kuhusu watoto wake mwenyewe. Hakuna jirani aliyekuja kumsomea. Maneno ya mfiwa akiyasema mwenyewe ni imani, mimi niliyetoka nyumbani kwangu watoto wangu wote wazima nikimwambia yeye, hayo ni mambo mengine kabisa.

Na rafiki zake Ayubu watu huwa tunawasema vibaya tu, lakini mwanzoni walifanya jambo zuri sana, sura ya 2:13, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa. Siku saba! Sisi dakika tano zinatushinda. Walipofungua mdomo ndo wakaharibu, wakaanza kumwelezea kwa nini yamempata, na mwishoni mwa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili kwa sababu hawakusema yaliyo sawa. Walikuwa wanamtetea Mungu hao, mdomo umejaa theolojia, na ndo waliokemewa.

Turudi kwa jirani. Baadaye kidogo aliingia bibi mmoja, mtu wa Tukuyu kama mimi, akasema pole na akanyamaza, akamwangalia tu, akaona kitu ambacho sisi wote tuliojaa mle ndani hatukukiona: maziwa yalikuwa yamejaa, gauni limelowa mbele, na mtoto wa kunyonya hayupo. Akatoka, akarudi na beseni na vitambaa viwili, maji ya bomba ya Juni yale yanayouma meno, akawa anamwekea kifuani, kitambaa kikipata joto anabadilisha. Zaidi ya saa nzima anafanya hivyo hivyo. Mstari hakutaja hata mmoja. Akiletewa chai anasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, anaiweka chini, anaendelea.

"Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba"

Huu watu wanautoa 1 Wakorintho 10:13, lakini ukiusoma wenyewe unaongelea kujaribiwa, yaani kuvutwa kwenye dhambi, kwamba kuna mlango wa kutokea. Hauongelei kufiwa, kufukuzwa kazi, au mume kukuachia watoto wanne na deni la vikoba. Kuhusu mizigo ya namna hiyo Paulo huyo huyo anawaandikia watu wale wale wa Korintho kwenye barua ya pili, 1:8, kwamba kule Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi". Kuliko nguvu zetu. Mtume anasema kabisa ulimzidi. Kwa hiyo mtu akikwambia amezidiwa usimwambie hajazidiwa, muulize mzigo upande gani umshikie.

"Jisaidie, Mungu akusaidie"

Hii haimo, tusipoteze muda. Ni ya zamani sana, wazo lake lipo kwenye hadithi za Wagiriki wa kale, na Benjamin Franklin kule Marekani aliichapa kwenye kalenda yake mwaka 1736. Kama msemo wa kumwamsha kijana anayelala mpaka saa nne sina ugomvi nayo. Tatizo tunamwambia mgonjwa.

"Asiyefanya kazi na asile"

Hapa nina hasira kidogo, mnivumilie.

Mnaojua viazi vya huku, Umalila, Uporoto, Makete, mnajua vinavyovunwa. Watu wanachimba, vikubwa vinaingia kwenye magunia, yale ya lumbesa yanayovimba kichwani kama mtu kavaa kilemba, gari linapakia linaondoka. Shambani vinabaki vidogo na vile vilivyokatwa na jembe. Basi wanakuja kina mama na watoto wana vijembe na ndoo za lita kumi wanafukua fukua, jioni mtu anaondoka na nusu ndoo ya viazi saizi ya goroli. Siku moja nimeenda kununua mzigo, nikashuhudia mwenye shamba, mzee wa kanisa na tai yake Jumapili, anamfukuza mama mtu mzima kabisa kwenye shamba ambalo gari limeshaondoka, na wakati anamfukuza anapaza sauti, asiyefanya kazi na asile! Yule mama mkono wote udongo mpaka kwenye kiwiko. Sasa hiyo siyo kazi ni nini?

Andiko ni 2 Wathesalonike 3:10 na neno lililomo ni "hataki". Mtu *hataki* kufanya kazi. Siyo hana, siyo hawezi, siyo amekosa, siyo mzee. Paulo alikuwa anawasema watu wenye nguvu zao wanaozurura na kujiingiza kwenye mambo ya wengine, na mstari wa 13 tu hapo chini anasema msikate tamaa katika kutenda mema, ila huo sijawahi kuusikia shambani.

Halafu kama ni kunukuu, hiyo habari ya mabaki ina sheria yake kabisa. Mambo ya Walawi 19:9-10, ukivuna usimalize pembe za shamba lako, usirudi kuokota yaliyobaki, waachie maskini na mgeni. Haisemi ukipenda. Ndivyo Ruthu alivyolisha nyumba, anaokota nyuma ya wavunaji, na Boazi akaenda mbali zaidi, akawaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda wamwangushie makusudi na wasimkemee (Ruthu 2:16). Nikijaribu kuiweka kwa huku kwetu ni kama tajiri wa viazi anawaambia vibarua, vile vya wastani viwili vitatu viacheni, na yule mama asiulizwe.

Na kuna wa kujibu "maskini tunao siku zote, Yesu kasema". Kasema kweli, Mathayo 26:11, lakini maneno hayo ni ya Kumbukumbu la Torati 15:11, na pale sentensi inaendelea: kwa kuwa maskini hawatakoma katika nchi, ndiyo maana nakuamuru umfumbulie mkono ndugu yako.

"Ukiwa na imani unaacha dawa"

Hili siyo la kutaniana, hasa huku. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchi nzima ni asilimia 4.4, Njombe ni asilimia 12.7, ya kwanza kitaifa. Kwa hiyo ukisimama kwenye kanisa lolote la Nyanda za Juu Kusini ukasema mwenye imani atupe vidonge, jua kwamba kwenye mabenchi mbele yako wapo wanaovimeza kila siku. Dawa za ARV zinatolewa bure nchi hii tangu mwaka 2004, na ukiacha dozi virusi vinarudi kuongezeka, havijui wewe umeokoka lini. Nina ndugu aliambiwa na mtumishi mmoja kwamba ameshapona, akaacha miezi kadhaa, tumemrudisha kliniki amebaki macho. Yupo, anaendelea vizuri, anasali na anameza.

Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa aliomba, akalia sana, Mungu akamsikia akamwongezea miaka 15, imani gani zaidi ya hiyo? Na nabii Isaya mwenye hiyo ahadi mdomoni akaagiza walete mkate wa tini waweke juu ya jipu, 2 Wafalme 20:7. Ahadi na dawa chumba kimoja. Luka naye Paulo anamwita tabibu mpendwa, hakuna mahali aliambiwa atubu utabibu. Tena sisi wa huku tuna aibu zaidi maana injili kwetu imekuja pamoja na dawa, Wamoraviani wamefika Rungwe mwaka 1891, na leo ukitaja hospitali za makanisa unataja Isoko, Mbozi Misheni, Igogwe, Ilembula, nyingine ziko mahali ambapo gari linafika likiwa limechoka. Hizo zote ni kukosa imani?

Ndugu yake na hiyo dhana ni ile ya "lazima kuna dhambi alifanya". Wanafunzi walimuuliza Yesu hivyo hivyo kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akajibu siyo yeye wala wazazi wake. Yohana 9:3. Imeisha hiyo.

"Maombi ni sauti"

Kwa kifupi tu maana nitagombana na majirani zangu wenye spika. Ana, mama yake Samweli, aliomba midomo inacheza sauti haisikiki, kuhani Eli akadhani kalewa, na hayo ndo maombi yaliyojibiwa. Mimi muda wangu mzuri wa kutafakari ni saa kumi na mbili asubuhi nikiwasha jiko la mkaa, lile linachelewa kushika na baridi hii, unapepea na mfuniko wa sufuria, huna pa kwenda, unawaza jana ulimjibu nani vibaya. Na kuomba kwa sauti nako kupo kwenye Biblia, sikatazi, saa nane usiku ndo nina maswali.

"Huruma ya kweli haina mipaka"

Hii inawaumiza kimya kimya wale wema kabisa, kina mama wa jumuiya ambao kila mgonjwa ni wao, kila msiba ni wao, mpaka wanaanguka wao. Wanatolewa mfano wa Msamaria mwema. Basi tuusome taratibu, Luka 10. Njia ni ya kushuka Yerusalemu kwenda Yeriko, mteremko wa kama mita elfu moja kwa mwendo usiofika kilomita thelathini, wewe waza mlima Kitonga kule Iringa halafu iongeze na majambazi. Msamaria anasimama, anafunga majeraha, anatia mafuta na divai, anampandisha mnyama wake, anampeleka nyumba ya wageni, usiku ule anamuuguza. Kesho yake anatoa dinari mbili, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, anamkabidhi mwenye nyumba, anasema kikizidi nitalipa nikirudi. Kisha anaondoka! Alikuwa na safari yake na aliendelea nayo. Hakuhamia pale, alimwachia mtu mwingine sehemu iliyobaki na akaacha na hela yake, na huyo ndiye Yesu anasema nenda ukafanye vivyo hivyo.

Yule bibi wa vitambaa naye, kama saa kumi jioni aliinuka akakung'uta kanga. Watu wakashangaa, bibi unaenda wapi na mfiwa bado analia? Akasema anaenda kukamua, ng'ombe hajui kuna msiba. Akamwonyesha mdogo wake mfiwa namna ya kukamua kitambaa kisichuruzike kitandani, akatoka. Kesho yake saa moja na nusu nikamkuta bombani anajaza beseni.