Wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukiwa na mgonjwa amelazwa kwenye hospitali kubwa ya kufundishia, iwe Muhimbili, KCMC au Bugando, kila asubuhi utaona kundi la makoti meupe likihama kitanda hadi kitanda. Ndugu wa wagonjwa wana maelezo yao kuhusu kundi hilo, na mengi hayako sawa. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, kwenye mabenchi ya nje ya wodi na kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia. Moja nalisikia kwa madaktari wenyewe.

“Wale ni wanafunzi, wanajifunzia kwa mgonjwa wetu.”

Kundi lile lina watu wa ngazi tofauti. Wamo wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambao kweli bado hawajawa madaktari. Yumo intani, aliyemaliza miaka 5 ya chuo na sasa yuko kwenye mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Halafu yumo rezidenti, na huyu ndiye anayeonewa zaidi. Rezidenti ni daktari kamili aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengi wao walishafanya kazi wilayani, pengine wakiwa daktari pekee wa zamu ya usiku, kabla ya kurudi chuoni kusomea ubingwa, kama huu wa magonjwa ya ndani, yaani magonjwa ya watu wazima yanayotibiwa bila upasuaji. Muhimbili kozi hiyo ni ya miaka 3. Ukihesabu tangu alipoanza chuo, atakayeitwa bingwa amekaa humo miaka 9 kwa uchache.

Kujifunza anajifunza, hilo halina haja ya kufichwa. Tazama tu anavyojifunza. Mgonjwa ana maji kifuani, yamebana pafu, yanatakiwa kutolewa. Anakalishwa kitandani, ameinamia meza. Daktari anagonga mgongo kwa kidole, anasikiliza pale mlio unapobadilika kuwa mzito, anahakikisha kwa ultrasaundi, anachoma ganzi. Kisha sindano inapita juu ya ubavu, kamwe si chini yake, maana mishipa ya damu na ya fahamu imejificha kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Mara za kwanza rezidenti husimama pembeni akitazama. Baadaye anafanya mwenyewe, mkubwa wake akiwa kando amevaa glovu, tayari kupokea sindano. Akishaaminika anaachiwa, na muda si mrefu yeye ndiye anayesimama kando akimwangalia wa chini yake.

Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, mkitaka kuuliza ulizeni nani anamsimamia huyu daktari na kama anapatikana usiku. Hilo ni swali la haki kabisa, na hospitali inayojiheshimu italijibu bila kununa. Mgonjwa pia ana haki ya kukataa kuzungukwa na watu kumi.

“Anauliza maswali mengi kwa sababu hajui. Angepima tu.”

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu inamuumiza mgonjwa na mfuko wake kwa pamoja.

Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti mdogo ambao hadi leo unafundishwa. Walifuatilia wagonjwa wapya 80 waliokuja kliniki, wakaandika ugonjwa waliouhisi katika kila hatua: baada ya maelezo ya mgonjwa, baada ya kumpima mwili kwa mikono, na baada ya vipimo vya maabara. Kwa wagonjwa 66, maelezo peke yake yalitosha kufikia jibu lililokuja kuthibitika mwishoni. Kumpima mwili kulibadilisha jibu kwa 7. Maabara, kwa 7 wengine.

Teknolojia imepiga hatua tangu hapo, sawa. Lakini chukulia mama wa miaka 28 anayefika anahema, anakohoa, miguu imevimba. Ameshazunguka zahanati mbili. Kwa kwanza ameambiwa ni nimonia akapewa antibayotiki, kwa pili ameambiwa ni pumu akapewa dawa ya kuvuta. Ana picha ya kifua na karatasi za damu, bahasha nzima. Kwenye raundi bingwa anamsikiliza rezidenti akitoa maelezo ya mgonjwa kwa mpangilio mzuri, umri, makazi, dalili, halafu anauliza jambo moja: “Mtoto wake wa mwisho ana umri gani?” Rezidenti kimya. Mama anajibu mwenyewe: “Miezi miwili.”

Hapo picha yote inageuka. Kuna ugonjwa wa moyo kudhoofika unaowapata kina mama kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 hivi baada ya kujifungua, na Afrika tunauona sana. Sasa kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kina maana, kwa sababu kuna mtu anayejua anatafuta nini. Kabla ya swali lile, kipimo kingekuwa cha kubahatisha, na kwa asiye na bima kila kubahatisha kunalipiwa taslimu na shemeji fulani huko Mbagala.

Na swali lenyewe lazima lilingane na maisha ya anayeulizwa. Vitabu vinamfundisha rezidenti aulize mgonjwa wa moyo analala na mito mingapi. Muulize hivyo mtu anayelala kwenye mkeka atakutazama tu. Baada ya miezi michache wodini rezidenti mwenye akili anauliza vingine: “Ukilala chali pumzi inakuwaje? Usiku unaamka ukakae?” Hili halimo kwenye mtihani wowote ninaoujua, nalo ni nusu ya kazi.

“Kutolala ndiko kunakomkomaza daktari.”

Ndiyo hii niliyosema inatoka kwa madaktari, hasa waliotutangulia. Sisi tulikaa saa 36 wima, wanasema, na hatukufa.

Mfumo wa kusomea ubingwa kwa kuishi hospitalini uliota mizizi Baltimore, Marekani, hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889. Upande wa tiba aliuongoza William Osler, na wale vijana waliishi humohumo hospitalini. Upande wa upasuaji alikuwapo William Halsted, aliyetaka wanafunzi wake wawepo karibu saa zote. Kisichotajwa sana ni kwamba Halsted alikuwa ametekwa na kokeni tangu alipokuwa akiijaribu kama dawa ya ganzi, na baadaye mofini. Sisemi ratiba aliipanga kwa sababu hiyo. Nasema tu si mtu wa kumchukua kuwa kipimo cha usingizi.

Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York. Waliomhudumia usiku ule walikuwa intani na rezidenti, wana wagonjwa wengine kibao, na alipewa dawa ya maumivu isiyopatana na dawa ya sonona aliyokuwa akitumia. Baba yake, mwandishi wa habari, hakunyamaza. Jimbo la New York likaweka kikomo mwaka 1989, na mwaka 2003 Marekani yote ikafuata: saa 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki 4. Mwaka uliofuata ulitoka utafiti wa wodi za wagonjwa mahututi uliokuta kwamba maintani waliofuata ratiba ya zamani walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya waliopunguziwa saa.

Ungedhani hapo hoja imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2011 maintani wa Marekani walizuiwa kupitisha saa 16 mfululizo. Mwaka 2017 kikomo kikarudishwa kuwa 24. Utafiti mkubwa katika programu 63 za magonjwa ya ndani ulilinganisha ratiba yenye vikomo vikali vya saa na ratiba iliyolegeza vikomo hivyo, na vifo vya wagonjwa havikutofautiana kiasi cha maana. Sababu moja inayotajwa ni makabidhiano. Ukifupisha zamu unaongeza mara ambazo mgonjwa anahama kutoka mikono hii kwenda mingine, na kila anapohama kuna kitu kinaweza kuanguka: kipimo cha potasiamu kilichotakiwa kurudiwa saa nane usiku, ndugu aliyeahidiwa kupigiwa simu. Kwa hiyo daktari aliyelala ana kichwa chepesi zaidi, hilo halina ubishi, lakini kumlaza bila kumfundisha kukabidhi wagonjwa kwa utaratibu ni kutatua nusu ya tatizo. Kikao cha ripoti ya asubuhi kinachoonekana kama mahakama, rezidenti amesimama mbele macho mekundu akihojiwa, ndipo hapo jambo hili linapojifunzwa au kupotea.

“Magonjwa ya ndani si ubingwa hasa, ni daktari wa kawaida tu.”

Mgonjwa mmoja ana kisukari, presha, figo zimeanza kuchoka, na sasa amegundulika na kifua kikuu. Dawa za TB zinagombana na za presha, figo zinakataa dozi ya kawaida, sukari inapanda kila akipata homa. Anayezisuka nyuzi hizo pamoja ni bingwa wa magonjwa ya ndani. Na yeyote anayetaka kuwa bingwa bobezi wa moyo, figo au ini za watu wazima anapitia kwanza mlango huu.

“Ubingwa wa kweli unapatikana nje.”

Kwa baadhi ya ubobezi, ambako mashine au idadi ya wagonjwa wa aina fulani ni ndogo hapa, kusafiri bado kuna faida. Kwa msingi wenyewe, sidhani. Anayesomea Dar es Salaam atakutana na siko seli, moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, na homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na fangasi kwa mwenye VVU, kwa wingi ambao mwenzake wa Ulaya atausoma kitabuni. Siku hizi kuna hata Chuo cha Matabibu cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, ECSACOP, kinachowafundisha madaktari kwenye hospitali zilizothibitishwa katika nchi zao bila kuwalazimisha kuhamia chuo kikuu.

“Hawa wanakula mshahara mnono huku wanasoma.”

Marekani rezidenti analipwa mshahara, na sehemu kubwa ya gharama hutoka serikalini kupitia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Kwetu inategemea mlango ulioingilia. Aliyeajiriwa na serikali akapewa ruhusa ya masomo huendelea na mshahara wake. Anayejisomesha analipa ada na kuingia zamu zilezile, na Kenya madai ya wanaojisomesha kufanya kazi bila malipo yamekuwa ugomvi wa miaka. Ndiyo maana usiku ambao ratiba inasema amepumzika, pengine yuko zahanati ya mtaani anapiga deiwaka, na saa moja na nusu asubuhi ataingia kwenye ripoti kama wenzake.