Cheti cha mshauri wa fedha kinasema nini, na kinanyamazia nini?

Mteja mpya akiingia ofisini kwangu, kwanza hutazama vyeti ukutani. Simlaumu, kwani vimenila miaka. CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, ina mitihani ya ngazi tatu, na hata ukifaulu yote hupewi hati mpaka utimize saa 4,000 za kazi ya uwekezaji katika muda usiopungua miezi 36. CFP, inayohusu zaidi mipango ya fedha ya mtu na familia yake, nayo hudai masomo, mtihani, uzoefu na kukubali kanuni za maadili.

Vyote hivyo vinaonyesha kwamba najua kazi. Havikwambii nani ananilipa.

Nilipoanza kazi hii, kampuni iliyoniajiri ilitulipa kwa kamisheni. Tuseme mfuko mmoja wa uwekezaji unampa muuzaji asilimia 1 na mwingine asilimia 5: nilijua vizuri upi unamfaa mjane aliyeketi mbele yangu, na nilijua pia upi utalipa kodi yangu ya nyumba. Hakuna mtihani unaoondoa mvutano huo. Ndiyo maana Uingereza ilipiga marufuku kamisheni kwenye ushauri mpya wa uwekezaji kuanzia mwisho wa 2012, na Australia ikafuata mkondo huo mwaka 2013.

Swali la pili ni zito zaidi: fedha zinakaa wapi? Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani, aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ, na kampuni yake ilisajiliwa rasmi kama mshauri wa uwekezaji mwaka 2006. Alikamatwa Desemba 2008, akahukumiwa miaka 150 jela. Aliweza kudanganya muda mrefu hivyo kwa sababu kampuni yake ndiyo iliyotunza mali za wateja na ndiyo iliyowaandikia taarifa za akaunti. Faida ilikuwa ya karatasini tu. Mimi sishiki fedha ya mteja. Hukaa kwenye taasisi nyingine, na taarifa humfikia moja kwa moja kutoka huko bila kupita mikononi mwangu.

Kuna jambo moja watu wengi hulisahau. Mshauri anaweza kubanwa na sheria kutanguliza maslahi yako anapokushauri, kisha akavua kofia hiyo anapokuuzia bima. Kwa hiyo muulize: wajibu huo unahusu huduma zote, au baadhi tu? Jibu aliandike, pamoja na namna anavyolipwa, na aweke sahihi kabla hujatoa hata senti.