Kabla ya Masika: Dirisha Lifunguke, Wavu Ufungike

Kila Februari inapokaribia kwisha, kabla kaskazi haijapisha kusi, malalamiko huanza kumiminika katika ofisi zetu za afya ya umma hapa Pwani. Safari hii mengi yanahusu mbu wa mchana. Wapangaji wanawalaumu wenye nyumba, wenye nyumba wanawalaumu wapangaji, na wote wanauliza gari la kupuliza dawa litapita lini. Ndugu zangu, kabla ya kuulizia dawa, tazameni madirisha yenu.

Chandarua cha kitandani hufanya kazi yake usiku, wakati mbu wa malaria anapotafuta damu. Kiendelee kutumika, na mtu asiichukue makala hii kuwa ruhusa ya kukikunja. Lakini aedesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na saa za kuelekea magharibi. Ndiye aliyesambaza dengi Mombasa mwaka 2013, na chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018, ugonjwa unaoshika viungo hata kuinuka kitandani ikawa kazi. Mtoto anayelala sebuleni saa nane mchana hana chandarua juu yake. Kilicho baina yake na mbu ni wavu wa dirisha.

Wengi wakiambiwa hivyo, hukimbilia kufunga dirisha lenyewe. Mwaka jana niliingia nyumba moja Kisauni, mvua ikinyesha, nikakuta dirisha la chumba cha watoto limezibwa kwa nailoni nyeusi na kupigiliwa misumari pande zote. Wajukuu wanne wanalala humo. Ukuta ulikuwa na ukungu toka sakafuni hadi usawa wa kifua.

"Shikamoo mama. Hili dirisha mbona limezibwa?"

"Marahaba mwanangu. Baridi hiyo. Hawa watoto watashikwa na nimonia."

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi mno, na naomba tuelewane leo. Nimonia huletwa na vijidudu, wala si upepo wa dirishani. Vijidudu hivyo, pamoja na vya kifua kikuu, hupata nafasi zaidi pale watu wengi wanapopumua hewa ileile katika chumba kilichozibwa. Mtoto akisikia baridi, avishwe nguo nzito, na dirisha libaki wazi likiwa na wavu mzima. Tuling'oa ile nailoni na yule mama. Nyuma yake palikuwa na wavu wa waya ulioliwa na kutu, ukiguswa unamong'onyoka kama jani kavu.

Kutu hiyo ndiyo adui wa madirisha ya Pwani. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hukaa juu ya waya, na unyevu wa masika humalizia kazi. Waya wa mabati unaodumu miaka mingi bara, huku kwetu huchoka mapema. Ukibadilisha, chukua wavu wa faibaglasi au wa aluminiamu, wenye tundu zisizozidi milimita moja na nusu. Usiuache na vumbi: uoshe kwa brashi laini na maji ya sabuni, kisha maji matupu kutoa chumvi. Wavu uliojaa vumbi hauingizi hewa, na hewa isipoingia, kesho utaufungua wote na mbu watapita.

Unapokagua, usitazame katikati ya wavu tu. Mbu hupitia ukingoni. Chukua njiti ya kiberiti uipitishe taratibu pembeni mwa fremu, juu, chini na kwenye kona. Ikipenya, mbu anapenya. Mwanya mdogo huzibwa kwa silikoni, na wavu uliolegea hubanwa upya kwa fito nyembamba za mbao na misumari midogo. Kwenye madirisha ya kusukuma, angalia ile reli ya chini. Ina vitundu vya kutolea maji upande wa nje, navyo huzibwa na mchanga, rangi au silikoni ya fundi aliyefanya haraka. Mimina kikombe cha maji relini. Yasipotoka nje, zibua kwa waya mwembamba, la sivyo mvua ya kwanza itamwagikia ndani. Nyumba ya makuti ina njia nyingine, ule uwazi baina ya ukuta na paa, ambao mbu wa malaria anaupenda kuliko dirisha. Uzibeni kwa wavu, msiukandike udongo, kwani ndio unaotoa joto.

Wanaoishi Mji wa Kale wa Mombasa wawe waangalifu zaidi. Eneo hilo ni la hifadhi, na sura ya nje ya nyumba haibadilishwi kabla ya kupata idhini ya wahusika wa makumbusho. Wekeni wavu kwa ndani, nyuma ya vibao vya dirisha, na ulizeni kwanza.

Nije kwenye swali linalotuletea mabishano: nani atengeneze? Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba isiyo na hewa ya kutosha kuwa kero. Vilevile inayahesabu mazalio ya mbu kuwa kero. Afisa akiridhika kwamba kero ipo, hutoa notisi ya maandishi inayoeleza kasoro na muda wa kuiondoa. Notisi hupewa aliyesababisha kero. Asipojulikana, hupewa anayekaa humo au mwenye nyumba. Kasoro ikiwa ya ujenzi, yaani kitu kilichopungua au kuharibika katika jengo lenyewe, notisi huenda kwa mwenye nyumba. Chumba kilichojengwa bila dirisha ni jukumu la mwenye nyumba. Dirisha lisilo na kasoro lililozibwa kwa nailoni na mpangaji ni jukumu la mpangaji. Muda ukipita bila kutekelezwa, suala hupelekwa mbele ya hakimu, ambaye anaweza kutoa amri. Anayekiuka amri hutozwa faini inayohesabika kila siku, na kazi inaweza kufanywa na mamlaka kisha gharama ikadaiwa kwa mhusika. Haya ni maelezo ya jumla. Kila shauri huangaliwa kwa mazingira yake, na makala hii haichukui nafasi ya notisi wala ya ushauri wa wakili.

Ila kuna jambo halihitaji hakimu, nalo hunisikitisha kwa sababu huanza na nia njema. Watu huweka dumu lililokatwa chini ya bomba la eyasii, yaani kiyoyozi, hapo hapo nje ya dirisha, ili maji yasichafue ukuta au yasimdondokee jirani. Wiki iliyopita niliinama juu ya dumu kama hilo. Maji yalikuwa safi, yanaonekana hadi chini. Kivuli changu kilipoangukia juu yake, viluwiluwi vikazama vyote kwa pamoja, vikijinyonganyonga, halafu vikarudi kimoja kimoja kuvuta pumzi. Dirisha lenye wavu mpya lilikuwa hatua moja tu kutoka hapo. Mwenye nyumba aliapa kwamba mbu wanatoka kwenye majani ya shamba la jirani. Majanini mbu hupumzika tu. Aedesi huzaliana majini, tena maji masafi yaliyotulia, na joto letu humtosha kutoka yai hadi mbu kamili kwa siku saba hadi kumi.

Hivyo basi, siku ya kukagua dirisha, toa kichwa nje uangalie chini yake: dumu la eyasii, visahani vya vyungu vya maua, kopo la rangi lililosahauliwa na fundi. Kinachoweza kutupwa kitupwe. Kinachobaki kimwagwe kila wiki, na kisimwagwe tu. Kisuguliwe kwa brashi ngumu pande za ndani, kwa sababu mayai ya aedesi hunata ukutani juu kidogo ya maji, hukaa makavu miezi kadhaa, na huanguliwa maji yanapoyafikia tena.