Nani hulipia utafiti wa zabibu na mvinyo, na nani huchagua? Dhana potofu na ukweli

Msimu wa mavuno ukifika, makato ya utafiti kwenye stakabadhi ya mzani anayopewa mkulima akipeleka zabibu kiwandani huzua maneno yale yale. Hii pesa inakwenda wapi? Nani aliwaambia kwamba hayo ndiyo tunayotaka kuyajua? Maswali ni halali kabisa. Shida iko kwenye majibu yanayozunguka mashambani na viwandani: mengine ni nusu kweli, mengine hayana hata hiyo nusu.

Dhana: Utafiti hulipiwa na serikali.

Sehemu tu. Tazama Australia, ambako hesabu iko wazi. Mkulima wa zabibu hukatwa tozo ya utafiti ya dola 2 za nchi hiyo kwa kila tani, na kiwanda kinachosindika nacho hulipa ya kwake. Serikali huongeza dola kwa dola juu ya kinachotumika kwenye utafiti, mpaka kikomo cha asilimia 0.5 ya thamani ya mazao ya sekta. Aliyepeleka tani 60 amechangia dola 120. Si pesa ya kumkosesha mtu usingizi, wala si pesa ya kumwajiri mtaalamu wa virusi. Na hata angempata, jibu likishajulikana majirani wangelitumia bure. Ndiyo maana tozo huwekwa kisheria: ikiachwa kuwa hiari, kila mtu hungoja mwenzake aanze.

Lazima hiyo haina maana kwamba mlipaji amefungwa mdomo. California, baada ya ugonjwa wa Pierce, unaosababishwa na bakteria, kuteketeza mizabibu ya eneo la Temecula mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima walianza kutozwa mwaka 2001 kwa ajili ya kupambana nao. Tozo hiyo hurudi kwao wenyewe kupigiwa kura kila baada ya miaka 5.

Dhana: Zikitolewa pesa nyingi, jibu litapatikana haraka.

Hapa Wafaransa wana kisa. Filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi ya mzabibu, alikuwa akiangamiza mashamba yao tangu miaka ya 1860. Serikali ikatangaza zawadi ya faranga 20,000 mwaka 1870, kisha mwaka 1874 ikaipandisha hadi 300,000. Barua zikamiminika kwa mamia. Walikuwapo hata waliotaka chura azikwe hai chini ya shina ili anyonye sumu. Kamati iliyokuwa Montpellier ikatumia miaka kuyajaribu mapendekezo hayo shambani, na karibu yote hayakufaa kitu.

Kilichookoa mizabibu ni kubebesha: mche wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani ambalo mizizi yake humstahimili mdudu. Hata hivyo zawadi haikulipwa. Léo Laliman, aliyekuwa miongoni mwa waliopigia debe mashina hayo, aliidai akanyimwa, hoja mojawapo ikiwa kwamba yeye hakutibu ugonjwa bali aliukinga tu. Kwa maoni yangu kosa lilifanyika siku swali lilipoandikwa. Waliomba dawa, wakati walichohitaji ni mzabibu usiougua. Swali likikosewa, zawadi kubwa huwaita wazika vyura.

Dhana: Mradi mzuri huonyesha matokeo ndani ya miaka 3.

Mzabibu haujui kalenda ya bajeti. Mche uliopandwa leo huanza kutoa mavuno ya maana karibu mwaka wa tatu, yaani wakati ripoti ya mwisho inadaiwa. Regent, zabibu nyekundu ya Ujerumani inayostahimili ukungu, ilipatikana kwa kuchavusha mwaka 1967. Iliruhusiwa kwa wakulima miaka ya 1990. Aina 5 zinazostahimili ugonjwa wa Pierce, alizozalisha Andrew Walker na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Davis, zilitangazwa mwaka 2019 baada ya kazi ya miaka 20 hivi. Mfuko wa utafiti unaobadili vipaumbele kila akija mwenyekiti mpya hauwezi kuzalisha aina hata moja.

Dhana: Waulizeni wakulima kinachowauma, hiyo ndiyo orodha.

Ni mwanzo mzuri, lakini mtu hutaja maumivu yenye jina. Kwa miaka mingi huko California majani yaligeuka mekundu na zabibu zikagoma kupanda sukari, na watu wakasema ni kirusi cha kukunja majani. Vipimo vya kirusi hicho vikarudi safi. Mwaka 2012 ndipo kilipotambuliwa kirusi kingine kabisa, cha madoa mekundu. Kabla ya hapo, dodoso gani lingekuwa na kisanduku chake? Kwa hiyo mifuko yenye busara hutenga fungu kwa maswali ambayo hakuna aliyeyaomba.

Dhana: Wakubwa ndio huamua kila kitu.

Hii siikatai yote. Kiwanda kikubwa kina mtu wa kukaa vikao vya siku mbili. Mwenye ekari chache yuko shambani anapogoa. Mipango ya utafiti ya miaka kadhaa mara nyingi hupitia mashauriano ya wazi, na sauti inayosikika humo ni ya aliyefika.

Dhana: Wengine wameshatafiti, sisi tunakili.

Kunakili nako kunataka kazi. California ilipendekeza kwa miongo kadhaa shina liitwalo AXR1: zao jingi, kubebesha rahisi. Mzazi wake mmoja ni mzabibu wa Ulaya, na Ulaya na Afrika Kusini lilikuwa limeshashindwa mbele ya filoksera. Matokeo hayo yalijulikana. Yalihesabiwa kuwa ya kwao huko, kwa udongo wao na mdudu wao. Miaka ya 1980 filoksera akaanza kulishinda hata Napa na Sonoma, maeneo ya mvinyo ya California, na maelfu ya ekari yakang'olewa na kupandwa upya. Jaribio la kurudia lile la Afrika Kusini, kwa udongo wa Napa, lingekuwa na mvuto mdogo sana kwenye karatasi ya maombi ya fedha: halina kipya, na jibu lake ni "msipande".